Laptopu inashika mtandao ikigusana na simu tu, fundi anasema kadi imekufa

Kwako mshauri, pole na kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina steshenari ndogo maeneo ya Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua na CV, na ukifika msimu wa maombi ya mkopo wa Bodi vijana wanapanga foleni hadi kwenye baraza la jirani. Wengine wanatoka Ujiji, wengine Kibirizi, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Kazi yote hiyo inafanywa na laptopu moja, HP ya mtumba niliyoinunua kwa pesa ya kikoba.

Adha yangu ya zamani ilikuwa virusi. Mteja akichomeka flashi, mafaili yanageuka shotikati, na mteja anayefuata anaondoka na ugonjwa uleule. Kila baada ya muda fundi anapiga Windows upya, nalipa, mchezo unaanza tena. Likizo iliyopita mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo Dar, alikaa kwetu. Akaniambia, "Mama mdogo, tuachane na Windows, tuweke Linux, hizi shotikati utazisahau." Nikakubali. Mafaili yangu aliyahamishia kwanza kwenye diski ya nje, hakuna kilichopotea, kisha akaweka Linux Mint, aina mojawapo ya huo mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Pale nyumbani ilienda vizuri mno. Inawaka haraka, intaneti ya hotispoti inaingia, nikawa nachapa mezani bila tabu. Kijana akapanda treni akarudi chuoni.

Shida ilianza niliporudi nayo dukani. Simu yangu huwa naiweka dirishani, maana ndani kwenye kona ya mashine mtandao wa simu ni hafifu. Toka dirishani hadi mezani ni kama hatua tatu. Laptopu haioni kitu. Nikiileta simu mpaka juu ya kibodi, inashika. Nikiirudisha dirishani, inapotea. Na hata ikishika, nikigeuka kumhudumia mtu wa kopi nikirudi nakuta imekatika. Ajabu nyingine ni simu ya baba watoto. Ni mpya na nzuri kuliko yangu, lakini hotispoti yake haionekani kabisa, hata nikiilaza juu ya laptopu.

Printa nayo, LaserJet P1102, kompyuta inaitaja kwa jina, nikituma kazi inasema imetumwa, karatasi haitoki. Kabla ya hii Linux ilikuwa inachapa bila shida.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini. Ameitazama akasema kadi ya Wi-Fi imekufa, labda na ubao mkuu umeguswa, anataka 90,000 aanze. Baba watoto hataki kusikia. Anasema Windows irudishwe leo, na amempigia kijana akamfokea sana. Sasa dada yangu amenuna, kijana naye anaona aibu hata kunipigia, ananiandikia ujumbe tu. Kwenye ujumbe alinielekeza maneno ya kuandika kwenye kompyuta, nikapiga picha ya majibu. Pameandikwa Realtek RTL8723BE, namba 10ec:b723, na chini yake kwamba draiva inayotumika ni rtl8723be. Kijana anasema kadi ni nzima, fundi anasema imekufa, mume wangu anasema wote wawili hawajui. Mimi nifuate la nani? Wateja wanaanza kwenda duka la ng'ambo ya barabara.

Mama Steshenari, Mwanga, Kigoma

Mama Steshenari, dada yangu, pole sana.

Kadi yako haijafa. Usimpe mtu 90,000 kwa ajili yake, na usiruhusu laptopu ifunguliwe kabla hujafanya haya nitakayokueleza. Ushahidi umeuleta mwenyewe kwenye barua. Kadi iliyokufa haitajwi kwa jina na namba, wala haipewi draiva, yaani programu ya kuiendesha. Yako imetajwa, imepewa draiva, na inashika simu ikiwa karibu. Kifaa kinachosikia cha karibu kikashindwa kusikia cha hatua tatu kina tatizo la antena, na kwa chipu hii ya RTL8723BE tatizo hilo linafahamika, chanzo chake kinafahamika, na dawa yake tayari imo ndani ya hiyo Linux uliyo nayo. Haidai kununua kitu.

Lakini tuanze na riziki ya leo. Tafuta waya wa simu unaopitisha data. Zipo nyaya za bei ndogo zinazochaji tu, hizo hazifai hapa. Chomeka simu kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya simu pale pale penye hotispoti, washa chaguo la kugawa intaneti kwa USB. Linux Mint inaichukulia simu kama waya wa mtandao, bila draiva ya kuongeza wala neno la siri. Bando ni lile lile. Kama waya ni mfupi na mtandao wa simu pale kwenye kona ni dhaifu, sogeza laptopu dirishani kwa siku moja mbili. Foleni ya vijana wa Bodi utaimaliza hivyo hivyo wakati mengine yanarekebishwa.

Intaneti ikiingia kwa waya, malizana na printa, kwa sababu printa yako haina ugonjwa wowote. Linux Mint inakuja na HPLIP, programu ya HP yenyewe kwa ajili ya printa zake, na sehemu kubwa yake ni huria. Ila printa kadhaa za kampuni hiyo, P1102 ikiwa mojawapo, haziwezi kuchapa bila kipande kimoja zaidi ambacho HP haikukitoa kwa uhuria, kwa hiyo hakimo kwenye Linux na ni lazima kipakuliwe kando. Ndiyo maana kompyuta inaitaja printa, kazi inatumwa, karatasi haitoki. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kitafunguka kisanduku cheusi cha kuandikia amri. Andika hivi, halafu Enter:

hp-plugin -i

Kitakuuliza kama kipakue, kubali. Kitakuonyesha masharti, kubali. Kitaomba neno la siri la kompyuta, liandike. Usishtuke kuona hakuna herufi wala nyota inayotokea unapoandika, ndivyo kilivyotengenezwa. Kikimaliza, zima printa, iwashe, tuma ukurasa wa majaribio. Kijana wako hakukosea hapa. Ninavyoona, printa ilikuwa dukani na yeye alikuwa nyumbani, na bila kuichomeka hakuwa na jinsi ya kugundua.

Sasa tuje kwenye antena. Nataka uelewe kinachotokea, maana mwenye kuelewa mashine yake habebeshwi gharama zisizo zake.

Kadi ya aina hii ina vishikizo viwili vidogo vya kuchomeka waya wa antena. Watengenezaji wa laptopu za bei nafuu wengi walivuta waya mmoja tu ili kupunguza gharama. Hilo lenyewe si baya, waya mmoja unatosha kwa kazi. Ubaya uko kwenye kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kadi, inayojazwa kiwandani, ambayo kazi yake ni kueleza waya uko kwenye kishikizo kipi. Katika baadhi ya laptopu, HP zikiwemo, kumbukumbu hiyo inataja kishikizo ambacho hakina waya. Draiva ya Linux ikiwaka inasoma maelezo hayo, inayaamini, kisha inakaa kusikiliza kwenye kishikizo kitupu. Simu ikiwa juu ya kibodi, mawimbi ni makali kiasi kwamba yanapenya hata pasipo antena. Simu ikienda dirishani, hakuna kinachofika. Draiva ya Windows iliyokuja na laptopu haikupata tatizo hilo, na ndiyo sababu zamani hukuliona.

Dawa iliingizwa kwenye Linux mwaka 2016 na Larry Finger, Mmarekani aliyezitunza draiva za Realtek na za kadi nyingine za Wi-Fi kwa miaka mingi, hadi alipofariki Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 84. Watu wenye laptopu kama yako walikuwa wanalalamika. Angeweza kuwaambia wafungue mashine wahamishe waya. Akaona si haki, kwani wengine wangepoteza dhamana, na wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wangeponya upande mmoja na kuharibu mwingine. Akaongeza neno moja kwenye draiva, ant_sel, ambalo mwenye laptopu analitumia kuamuru kishikizo kwa namba, 1 au 2, hata kama kumbukumbu ya kadi inasema vingine. Namtaja kwa heshima, kwa sababu wewe wa Mwanga utafungua duka kesho kwa faida ya kazi aliyoifanya mzee huyo, na hukuwahi kudaiwa shilingi.

Fanya hivi. Chomoa waya wa simu, rudisha simu dirishani, washa hotispoti, kaa mezani pako pa kila siku. Kupima kufanyike pale pale kazi inapofanyika. Kwenye kisanduku cheusi andika:

nmcli -f SSID,SIGNAL dev wifi list

Utaona majina ya mitandao na mbele ya kila jina namba, kati ya 0 na 100, inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Iandike namba ya simu yako kwenye karatasi, na kama jina halipo kabisa, andika sifuri. Kisha ondoa draiva na uirudishe kwa amri ya kutumia kishikizo cha pili:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Baada ya mstari wa kwanza Wi-Fi itatoweka kabisa kwenye kona ya skrini, hiyo ni kawaida. Baada ya wa pili itarudi. Subiri kidogo, rudia ile amri ya kupima, linganisha namba. Kishikizo chenye waya kikipatikana, tofauti haihitaji kubahatisha. Jina ambalo halikuwepo litakuwepo, namba iliyokuwa inachechemea itapanda juu sana. Ikiwa hakuna kilichobadilika, rudia mistari yote miwili, ila mwishoni weka 1 badala ya 2. Huwezi kuharibu kitu kwa kujaribu, kwani ukizima kompyuta na kuiwasha, hali inarudi ilivyokuwa.

Na kwa sababu inarudi ilivyokuwa, namba iliyoshinda lazima iandikwe mahali pa kudumu. Tuseme imeshinda 2. Andika mstari huu wote kwa pamoja, usikosee nafasi wala alama:

echo "options rtl8723be ant_sel=2 fwlps=0 ips=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Zima, washa, umemaliza. Hapo nimeongeza maneno mawili, fwlps na ips, yakiwa sifuri. Hayo ni kwa ajili ya ule ugonjwa wako mwingine wa kukatika ukigeuka kuhudumia mtu wa kopi. Kadi ikiona hakuna kinachopita inasinzia ili kutunza betri, na hii chipu mara nyingine ikisinzia haiamki vizuri. Tumeinyima ruhusa ya kusinzia. Betri itaisha mapema kidogo, jambo la kukumbuka siku umeme ukikatika, lakini kwa duka ni bora kuliko mtandao unaokatika katikati ya fomu ya mteja, ambapo kila alichojaza kinaweza kupotea. Faili dogo lililotengenezwa na mstari huo halifutwi na masasisho ya Linux, kwa hiyo usiogope kusasisha.

Simu ya baba watoto haina siri. RTL8723BE inasikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Simu nyingi mpya zinaweza kurusha hotispoti kwa gigahezi 5, na baadhi zimewekwa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo kwa laptopu yako ni kama haipo hata ukiilaza juu yake. Ingieni kwenye mipangilio ya hotispoti ya simu hiyo, tafuteni sehemu ya bendi, chagueni 2.4. Mkiwa hapo hapo, kwenye usalama chagueni WPA2, kwa sababu WPA3 peke yake inaweza kuisumbua kadi ya zamani. Nakuomba jambo hili ulifanye na mwenyewe akiwepo. Akiona kwa macho yake hotispoti yake imetokea kwenye kioo, hasira itapungua kuliko kwa maelezo yoyote.

Kuhusu kurudisha Windows, sitamdharau baba watoto. Anataka duka lifanye kazi, na ni kweli kwamba Windows ikirudi, Wi-Fi itarudi. Lakini mwekeeni mezani mambo haya muamue kwa pamoja. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na laptopu yenye RTL8723BE kwa kawaida ni ya miaka ya 2014 hadi 2016 au karibu na hapo, kwa hiyo haipiti mlango huo kihalali. Mtakachopigiwa na fundi kuna uwezekano mkubwa kikawa nakala iliyovunjwa kufuli, isiyo na ulinzi, kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za watu baki kutwa nzima. Ndipo mlipotoka. Kwenye Linux zile shotikati za virusi vya Windows hazijiendeshi, utaziona kama mafaili tu na unaweza kuzifuta. Tahadhari moja niiseme, maana ni uaminifu kwa wateja wako: Linux haiponyi flashi ya mteja. Ukinakili faili lenye virusi toka flashi hii kwenda ile, umevisafirisha. Nakili hati inayohitajika tu, usinakili flashi nzima.

Kama kuna kazi moja ya duka isiyokubali kabisa bila Windows, mfano programu ya mashine fulani uliyonayo, hapo mume wako ana hoja na ningekushauri vingine. Kwenye barua yako sikuiona kazi hiyo. Kuchapa, kopi, picha, fomu za mtandaoni, vyote vinafanyika. Hati za Word za wateja zitafunguka kwa LibreOffice, na kwa zile zilizoandikwa kwa Times New Roman, Linux inatumia Liberation Serif, iliyochorwa makusudi herufi zake zichukue upana ule ule, ili mistari isihame. CV zenye majedwali na mapambo mengi huhama hata hivyo. Mwombe mteja akuletee PDF inapowezekana.

Sasa kijana. Amesema kadi ni nzima, na ni yeye aliyesema kweli kati ya wote watatu. Tena alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, alihamisha mafaili yako kwanza kabla ya kugusa diski. Ila kuna alichokiruka, na namwandikia kupitia kwako kwa sababu nadhani ataisoma. Mwanangu, Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Kabla hujafomati mashine inayolisha nyumba, iwashe kwa flashi, ipeleke dukani, kaa kwenye kiti cha mama mdogo, weka simu anapoiweka yeye, chomeka printa yake, cheza sauti, funga kifuniko uone kama inaamka. Shida ya antena ungeiona siku ile ile, Windows ikiwa bado ipo. Hii si karipio. Una mkono mzuri, na kazi hii inahitaji watu kama wewe huko Kigoma.

Nawe dada yangu, mpigie wewe, usingoje apige. Mfanye hizi amri pamoja kwenye simu, yeye akitaja wewe ukiandika. Na mtandao ukishafika mezani kwako, mwombe baba watoto ampigie kijana mwenyewe. Aliyefoka ndiye mwenye kutengua, ujumbe wa kupitia kwako hautatosha, wala wa kupitia kwa dada yako hautatosha.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine wenye shida inayofanana, kwa sababu barua za namna hii ni nyingi na wengi wanasema tu "laptopu yangu ni HP" au "ni Dell". Jina la nje halitusaidii. Laptopu mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Fanyeni alichofanya mama huyu, andikeni lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, mtafute mstari wa Network controller. Ukiona Intel au Atheros, mara nyingi inafanya kazi bila kuguswa, mradi mafaili ya fameweya, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, yapo. Debian, aina nyingine ya Linux, kwa mfano, hadi toleo la 11 haikuyaweka kwenye diski yake ya kawaida ya kusakinishia, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 imeyaweka. Ukiona Broadcom BCM43142, hapo kuna kazi: draiva yake ni ya kufungwa, kwenye Linux Mint inapatikana ndani ya Driver Manager, programu ya kusimamia draiva, na inahitaji intaneti ili kuipata, kwa hiyo ule ujanja wa waya wa simu ndio mlango wako. Na ikiwa Secure Boot, ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka, imewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, draiva hiyo inaweza kukataliwa hata baada ya kuwekwa, mpaka usajili ufunguo wake kompyuta inapowaka au uzime Secure Boot. Kadi ya Mama Steshenari haina usumbufu huo, kwa kuwa draiva yake imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe.

Mama, nimalizie na uwezekano kwamba 1 na 2 zote hazikubadilisha kitu. Hapo waya wa antena umechomoka au umekatika, jambo la kawaida kwa laptopu ya mtumba iliyokwisha kufunguliwa na mikono mingi. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, na ni kazi ya kuchomeka waya, haifiki 90,000. Mwambie hivyo hivyo: "Nitazamie waya wa antena kwenye kadi ya Wi-Fi." Asikuuzie kadi nyingine kwa haraka. Baadhi ya HP za miaka hiyo zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, ukiweka isiyomo inakataa kuwaka na kuandika kosa namba 104. Salama zaidi ni kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka USB chenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua vizuri. Hapa pia usinunue kwa jina la boksi. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lina AR9271, toleo la pili na la tatu yana chipu ya Realtek ndani ya umbo lile lile na jina lile lile. Namba ya toleo imeandikwa kwenye kibandiko. Kama muuzaji hataki uitazame, tafuta duka jingine.

Ukikwama popote niandikie tena, uambatanishe picha ya majibu ya lspci -nnk, zile namba ulizoandika kwenye karatasi kwa 1 na kwa 2, na majibu ya amri rfkill list, inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa. Kwa hayo matatu nitajua tatizo liko wapi bila kuiona laptopu.